SAHANI YA MAMA NTILIE: BEI YAKE KAMILI HULIPWA NA NANI?

Mfanyakazi anayetoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza hana budi kula mahali fulani ifikapo saa saba mchana. Fundi mwashi, mpagazi wa sokoni, karani, utingo wa lori na mwalimu wa shule ya msingi, wote hao tumbo huwadai kwa wakati mmoja. Aghalabu nyumbani ni mbali na hoteli kubwa ni ghali. Basi huwa wamebakiwa na njia moja tu, nayo ni kwenda kuketi juu ya benchi la mama fulani wa mtaani, mwenye majiko mawili ya mkaa, sufuria nne au tano na ndoo ya maji yenye koki, na kumwambia, “Mama, nitilie.”

Ombi hilo dogo ndilo lililozaa jina. Mama ntilie ni mama aliyeombwa atie chakula sahanini. Siku hizi katika barua na hotuba za serikali anaitwa mama lishe, na mwanamume afanyaye kazi hiyo huitwa baba lishe. Lakini mtaani jina la zamani halijafa, nalo lina utamu wake, kwa kuwa limetungwa na wenye njaa wenyewe.

Juma hili ukurasa wetu wa jamaa unaitazama migahawa hiyo midogo inayoendeshwa na watu wa nyumba moja. Tumechagua kuitazama tukiwa upande wa Singida, na hasa mahali kama Mwankoko, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Singida, ambako mji na shamba havijaachana kabisa. Huko mtu aweza kuwa mfanyakazi wa mjini mchana na mkulima wa alizeti jioni, na yule anayempikia ugali aweza kuwa ni jirani yake wa mpaka mmoja wa shamba.

MEZA YA SINGIDA

Singida ni nchi ya mawe makubwa na maziwa ya maji ya chumvi. Maziwa ya Singidani na Kindai yapo pembezoni mwa mji, na majabali yamesimama kati ya nyumba kana kwamba nayo yalipewa viwanja. Mvua huko ni za msimu mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa mwaka mpaka mwezi wa Aprili, nazo si nyingi. Ndiyo sababu wazee wa Kinyaturu na Kinyiramba walishikilia mtama na uwele, nafaka zinazovumilia jua, wakazila pamoja na mlenda, maziwa ya mgando na karanga.

Leo mkoa huo unajulikana nchini kwa mambo manne ya mezani: mafuta ya alizeti, vitunguu, asali na kuku wa kienyeji. Yeyote aliyesafiri kwa basi kutoka Singida kwenda Dodoma au Dar es Salaam amekwisha ona matenga ya kuku. Kuku hao hawapendwi kwa sababu ya unene, maana si wanene. Wanapendwa kwa sababu nyama yao ni ngumu kiasi, ina ladha, na mchuzi wake hauhitaji viungo vingi.

Hata hivyo yafaa msomaji ajue kwa nini sahani ya kuku huyo ni ghali hata pale pale alipozaliwa. Kuku wa kisasa wa nyama huchinjwa akiwa na umri wa majuma matano au sita. Kuku wa kienyeji huhitaji miezi mitano, sita au zaidi, akijitafutia chakula uani, huku mwewe wakimvizia na ugonjwa wa mdondo ukipita kila mwaka kama mtoza kodi. Chanjo ya mdondo ipo, wala haina gharama kubwa, lakini hutakiwa kurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na familia isiyofuata tarehe hiyo yaweza kupoteza banda zima kwa juma moja. Kuku akiuzwa bei nzuri Dar es Salaam, mama mwenye mgahawa wa Singida naye hulazimika kushindana na mchuuzi wa matenga. Kwa hiyo katika sufuria zake za kila siku hamna kuku. Mna maharage, mna dagaa, mna mchicha, mna nyama siku ya mshahara, na pembeni mna ugali wa mahindi au wali.

Hapo ndipo pana jambo la kusikitisha kidogo. Mtama, uwele na mlenda, vyakula vilivyoilea nchi hiyo katika miaka ya ukame, havionekani sana katika migahawa. Kijana huona haya kuagiza mlenda mbele ya wenzake; hupenda aonekane akila wali au chipsi. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka kwamba mwaka 1975 taifa zima lilifanya kampeni ya Chakula ni Uhai, kwa redio na kwa vikundi vya kusomea, ili kuwafundisha wananchi thamani ya vyakula vilivyo karibu nao. Kampeni hiyo ilikuja baada ya ukame wa mwaka 1974, wakati nchi ilipolazimika kuagiza nafaka kutoka ng’ambo na watu wakala unga wa mahindi ya njano walioupachika jina la “yanga”. Somo lake halijapitwa na wakati. Mama ntilie anayethubutu kuweka sufuria moja ya mlenda wa karanga na bonge la ugali wa mtama mara mbili kwa juma hafanyi biashara tu. Anawatunzia watoto wa mji kumbukumbu ya mashamba yao.

NDUGU ZAO WA MASHARIKI YA MBALI

Mtu asidhani kwamba mgahawa wa nyumba moja ni jambo la Waafrika peke yao, au kwamba ni dalili ya umaskini wetu tu. Katika nchi za Malaysia na Singapore, Wachina na Wamalai wamekuwa wakiendesha migahawa ya namna hiyo kwa miaka mingi, na ukiichunguza utaona kana kwamba unaitazama jamaa yako katika kioo.

Chukua chakula ambacho Wamalai hukiita nasi lemak. Ni wali uliopikwa kwa tui la nazi, ukatiwa majani ya aina ya mkadi ili unukie, ukaandaliwa pamoja na dagaa waliokaangwa, karanga, tango, yai na pilipili ya kusaga. Mtu wa Tanga, Lamu au Unguja akipewa sahani hiyo hataomba mkalimani. Wali wa nazi na dagaa! Bahari ya Hindi ni moja, na mnazi haukuuliza pasipoti.

Chukua pia wali wa kuku wa watu wa Hainan. Hainan ni kisiwa kilicho kusini ya Uchina. Watu wake waliohamia Malaya na Singapore walikuta kazi nyingi zimekwisha shikwa na Wachina wa Fujian na wa Guangdong waliowatangulia. Wengi wao wakawa wapishi na watumishi katika nyumba za Wazungu, kisha wakafungua mikahawa yao midogo. Kuku wao huchemshwa taratibu katika maji, halafu mchele hupikwa kwa mchuzi ule ule, pamoja na tangawizi na vitunguu saumu. Hakuna kinachotupwa: nyama hulika, mafuta huingia katika wali, na maji yaliyobaki hugeuka supu. Mama wa Singida anayemchemsha kuku wa kienyeji kwa saa mbili ili kuwagawia wateja wanane, na supu yake akaiuza asubuhi, anatumia hesabu ile ile.

Kwa desturi mikahawa hiyo ya Wachina ilikuwa katika nyumba za ghorofa ndogo: chini ni duka au meza za chakula, juu ni vyumba vya kulala. Bibi alichambua mboga, baba akashika karai, mama akapokea fedha, na watoto waliporudi shule waliosha vikombe. Chakula chao kilikuwa rahisi kwa sababu hiyo hiyo inayofanya cha kwetu kiwe rahisi, nayo tutaieleza hapa chini.

Serikali ya Singapore ilianza kuwaandikisha wachuuzi wa chakula wa barabarani mwishoni mwa miaka ya 1960, na kati ya mwaka 1971 na 1986 ikawajengea vituo maalumu vyenye paa, maji ya bomba, umeme na mifereji ya maji machafu. Mwezi wa Desemba mwaka 2020 shirika la UNESCO liliuingiza utamaduni huo wa wachuuzi wa chakula wa Singapore katika orodha ya urithi usioshikika wa wanadamu. Lakini heshima hiyo imekuja wakati wapishi wengi wa vituo hivyo wamekwisha zeeka, na watoto wao, waliosomeshwa kwa fedha za karai, hawataki kulirithi karai lenyewe.

HESABU YA SAHANI MOJA

Sasa turudi nyumbani tufanye hesabu. Bei tutakazozitaja ni za mfano tu. Msomaji aziondoe na kuweka za soko lake.

Tuseme mama mmoja anapika sahani 30 za ugali na maharage kwa siku. Ananunua unga kilo 6 kwa shilingi 9,000 na maharage kilo 3 kwa shilingi 9,000. Mafuta ya alizeti nusu lita ni shilingi 3,000. Nyanya, vitunguu na mboga za majani ni shilingi 4,000. Mkaa ni shilingi 4,000, maji na sabuni shilingi 1,000, ushuru na pango la kibanda tuyakadirie shilingi 2,000 kwa siku. Jumla ni shilingi 32,000. Akiuza sahani zote kwa shilingi 1,500, atapata shilingi 45,000. Faida ni shilingi 13,000. Wengi watasema, “Mama huyu anajiweza!”

Lakini ngoja. Wateja wanne wamekula na kusema, “Mama, niandikie, mwisho wa mwezi.” Hiyo ni shilingi 6,000 iliyolala katika daftari. Mkononi zimebaki shilingi 7,000, na kesho unga haukopeshwi.

Kisha tuhesabu saa. Mama ameamka saa kumi alfajiri kuwasha moto, naye amefunga saa kumi na mbili jioni: saa 14. Mdogo wake aliyetoka kijijini amesaidia saa 5. Binti amechambua mchicha na kuosha vyombo saa 3. Mvulana amechota maji saa 2. Jumla ni saa 24 za kazi ya watu wanne. Ukiigawa ile faida ya shilingi 13,000, hata kama madeni yote yatalipwa, kila saa imepata kama shilingi 540. Kati ya wafanyakazi hao wanne hakuna aliyepokea mshahara.

Hiyo ndiyo siri ya chakula rahisi. Si kwamba mama ntilie ana ujuzi wa kununua vitu kwa bei ambayo sisi hatuijui. Ni kwamba jasho la jamaa yake halikuandikwa mahali popote. Mteja analipia unga, maharage na mkaa. Kazi analipiwa na dada aliyetoka kijijini, na binti wa nyumba ile.

BINTI AOSHAYE SAHANI

Hapa hatuna budi kusema kwa upole lakini bila kuficha. Si vibaya mtoto kumsaidia mzazi wake. Elimu ya Kujitegemea ilitufundisha kwamba mkono ulioshika kalamu waweza pia kushika jembe, na mtoto aliyekua akiona senti ikitafutwa huijua thamani yake. Binti aliyejifunza kwa mama yake kupima chumvi kwa macho na kuhesabu chenji bila karatasi ana elimu ambayo si haba.

Lakini iko tofauti kati ya msaada na utumwa wa kimya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kufanya kazi, nayo iwe kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kwenda shule. Tangu mwezi wa Januari mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia darasa la kwanza mpaka kidato cha nne. Basi inapotokea kwamba mtoto yu mgahawani saa nne asubuhi, siku ya shule, sababu si ada. Sababu ni kwamba siku hiyo mama hakuwa na mtu wa kumwachia sufuria, na kati ya watoto wake aliyebakizwa, mara nyingi, ni wa kike.

Tusimlaumu mama peke yake. Tuulize pia baba yuko wapi. Katika nyumba nyingi mgahawa huhesabiwa kuwa “kashughuli ka mama”, ilhali ndiko yanakotoka madaftari, sare za shule na mafuta ya taa. Mume anayeweza kubeba gunia la mkaa, kuchota maji alfajiri au kuosha masufuria usiku hapungukiwi na uanaume wake hata kidogo. Akifanya hivyo, ameongeza saa mbili za masomo kwa binti yake bila kutoa hata senti moja.

HISTORIA YA KUFUKUZWA NA KUPOKEWA

Mama ntilie walizidi kuwa wengi katika miji yetu wakati wa shida za uchumi za mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, bei za mafuta kupanda na mishahara kushindwa kufika mwisho wa mwezi. Mke wa mfanyakazi alitoka na sufuria yake ili kuokoa nyumba. Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, iliyomtaka kila mtu awe na kazi inayotambulika, na katika msako ulioandamana nayo wachuuzi wengi wadogo wa mijini walionekana kuwa wazururaji. Mtu aliyewasha moto alfajiri na kulisha watu mchana kutwa akahesabiwa kuwa hana kazi!

Miaka ilipita, fikra zikabadilika. Mwezi wa Desemba mwaka 2018 Rais John Magufuli aliwagawia wakuu wa mikoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, vilivyolipiwa shilingi 20,000, na mama lishe wakawa miongoni mwa waliovipata. Mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo wa miji mingi waliondolewa kando ya barabara na kupangiwa maeneo maalumu. Wako walionufaika kwa kupata paa na choo, na wako waliopelekwa mahali ambapo wateja hawapiti. Mgahawa hufuata njaa ilipo. Ukiuhamisha mbali na kituo cha mabasi au mahali pa ujenzi, sufuria italala na chakula.

Kuna pia suala la usafi, ambalo halitaki maneno mengi. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti mwaka 2015, kisha kikaenea mikoani, kiliwaathiri sana wauzaji wa chakula, maana biashara za chakula cha wazi zilipigwa marufuku mahali pengi. Kinga yake ni mambo yaliyo katika uwezo wa kila mgahawa: maji ya kunywa yaliyochemshwa, chakula kipakuliwe kikiwa cha moto, ndoo yenye koki na sabuni kwa ajili ya mikono badala ya beseni moja la watu kumi, vyombo visuuzwe kwa maji safi na kuanikwa juani. Mteja naye akiona pasipo sabuni aseme kwa adabu, “Mama, tunaomba sabuni.” Ataipata.

Tena liko suala la moshi. Mpishi anayeinama juu ya kuni au mkaa saa nyingi kila siku huumwa macho na kifua, na watoto walio kando yake huvuta moshi ule ule. Mwezi wa Mei mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia wananchi 80 katika kila 100 ifikapo mwaka 2034. Kwa mama ntilie ugumu haupo katika kuwasha gesi. Upo katika kujaza mtungi kwa fedha nyingi kwa mara moja, wakati mkaa hununuliwa kwa kopo, siku kwa siku, kadiri ya mauzo ya jana. Hapo ndipo vikundi vya kuweka na kukopa vinapoweza kusaidia: kinamama kumi wakichanga kidogo kidogo kila juma, kila mmoja hujaziwa mtungi kwa zamu.

WAJIBU WETU SISI WALAJI

Ndugu msomaji, nusu ya mambo haya yako mikononi mwako wewe unayekula. Lipa taslimu, na kama ni lazima ukope, lipa siku uliyoahidi kabla hujakumbushwa. Daftari la mama ntilie ni benki isiyotoza riba, nayo hufilisika kimya kimya. Usimdai nyongeza ya mboga kila siku ukidhani unamtania. Unapoleta jamaa yako siku ya Jumapili kuwaonja kuku wa Singida, agiza mapema, maana kuku wa kienyeji hapikwi kwa dakika 20. Na ukimkuta mtoto akiosha vyombo saa za shule, usimkemee yeye. Muulize mama yake kwa heshima, kama jirani, nini kimemzuia, huenda ikawa ni jambo ambalo mtaa waweza kulitatua.

Nao wenye migahawa, tunawasihi waandike katika daftari lao, pamoja na unga na mkaa, mstari mmoja zaidi: kazi. Waandike hata kama hawana fedha ya kuulipia leo. Mwisho wa mwezi watajua kama bei yao ni ya haki, kama waongeze shilingi 200 katika sahani, au wampunguzie binti saa moja ya vyombo. Mteja wa kweli hatakimbia kwa shilingi 200, akijua kwamba ndizo zilizomrudisha mtoto darasani.

Huko Mwankoko, kama katika kila kata ya miji yetu, kesho saa kumi alfajiri mama fulani atawasha moto. Ikifika saa saba mchana tutakuwa wengi juu ya mabenchi, tumeshika sahani, tukisema, “Mama, nitilie.” Tumlipe bei yake kamili.